Mhudumu mpya anakugharimu kiasi gani? Mwongozo kamili wa kuhesabu na kupunguza gharama za kufundisha wafanyakazi wa mgahawa

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, meza zote zimejaa, kijana aliyeajiriwa asubuhi ile alipewa aproni na meza sita. Hakuonyeshwa meza namba 4 ni ipi, maana namba za meza zilikuwa vichwani mwetu tu, hazijaandikwa popote. Samaki wa kupaka wa meza ya 4 akampeleka ya 14. Waliopelekewa wakamla. Jikoni wakaanza samaki mwingine, familia iliyokuwa ikisubiri ikachoka ikaondoka, keshia akabaki na oda isiyo na wa kuilipa. Msimamizi wa zamu nilikuwa mimi, na nilimfokea kijana yule mbele ya wenzake. Jumatatu hakurudi.

Kwenye daftari la matumizi la mwezi ule, mstari wa mafunzo ulisomeka sifuri.

Wenye migahawa wengi wana sifuri hiyo hiyo. Ukiwauliza kumfundisha mtu kunawagharimu nini, watakwambia hakuna kitu, anajifunza akiwa kazini. Gharama ipo, ila imetawanyika: kidogo kwenye mishahara, kidogo kwenye vyombo vilivyovunjika, kidogo kwenye chakula kilichorudi jikoni, na fungu kubwa kuliko yote limeondoka na mtu aliyeacha kazi kabla hajaiva. Mwongozo huu ni wa mwenye mgahawa, mkahawa au hoteli ndogo yenye wafanyakazi kama 8 hadi 30. Mifano ya fedha ni ya Dar es Salaam. Walio Mombasa, Arusha au Unguja watabadilisha namba, njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kutafuta mtu

Nunua daftari la kawaida, ligawe sehemu tatu. Ya kwanza: mambo ambayo mtu lazima ayajue kabla hajagusa meza. Ya pili: anayopaswa kuyaweza baada ya wiki mbili. Ya tatu: ya miezi mitatu.

Sehemu ya kwanza iwe fupi. Ramani ya meza na namba zake, choo cha wateja kiko wapi, kunawa mikono, nani anapokea oda jikoni, valvu ya gesi inafungwaje, na maneno ya kumkaribisha mgeni. Yanatosha. Nimeona watu wakipewa menyu ya vyakula 70 siku ya kwanza waikariri, na kesho yake hawakumbuki hata bei ya soda.

Sehemu ya pili ndiyo nene: kila chakula kina nini ndani yake (karanga zipo wapi, pilipili ipo wapi, nazi ipo wapi), kinachukua dakika ngapi, kinaliwa na nini, kuandika oda kwa kifupi ambacho mpishi anakisoma, kubeba sahani tatu, kufunga bili, kuhakikisha mteja anapata risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Sehemu ya tatu ni ya mambo yanayokuja na muda, kama kutuliza mteja aliyekasirika, kumshauri asiyejua anataka nini, kufunga hesabu ya zamu.

Mpe daftari hilo mhudumu wako mkongwe alisome. Atakuonyesha vitu ambavyo wewe umevisahau kwa sababu umevizoea.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mtu mmoja

Tuseme mhudumu mpya analipwa shilingi 312,000 kwa mwezi wa siku 26, yaani 12,000 kwa siku. Mkongwe atakayemfundisha analipwa 416,000, yaani 16,000 kwa siku. Msimamizi ana 780,000, yaani 30,000 kwa siku. Mafunzo ni siku 12. Hizi ni namba za mfano. Zifute uweke zako.

- Kumtafuta: siku 2 za msimamizi za kupiga simu, kusaili na kufuatilia wadhamini, 60,000, na vocha 10,000. Jumla 70,000.
- Sare na upimaji wa afya: 75,000.
- Mshahara usiorudisha kazi: siku 4 za kwanza mtu anatazama tu, siku 4 zinazofuata anafanya nusu ya kazi, siku 4 za mwisho robo tatu. Ukijumlisha pengo unapata siku 7 kamili. Mara 12,000 ni 84,000.
- Muda wa mwalimu: nusu ya siku yake kwa siku 4, robo kwa siku 4, moja ya nane kwa siku 4. Hizo ni siku tatu na nusu. Mara 16,000 ni 56,000.
- Mchango wa mwajiri NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya hizo 84,000 na 56,000: 14,000.
- Chakula cha kazini kwa zile siku 7, kwa 3,000: 21,000.
- Makosa: glasi 4 za 2,500, na oda 5 zilizorudi zenye malighafi ya 6,000 kila moja: 40,000.

Jumla 360,000. Mtu analipwa 312,000 kwa mwezi mzima, na kumfikisha mahali pa kusimama peke yake kumekula zaidi ya mshahara huo. Hapo hatujaihesabu familia iliyoondoka na njaa.

Mpishi hugharimu zaidi ya mhudumu, kwa sababu anafundishwa kwa nyama, mafuta na gesi. Mtu wa vyombo hugharimu kidogo, lakini usimwache nje ya hesabu: akiacha kazi Jumamosi, wahudumu wako ndio watakaokuwa kwenye sinki.

Hatua ya 3: Hesabu upya, safari hii kwa aliyebaki

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo penye fedha.

Ukiajiri watatu ili upate mmoja wa kudumu, nafasi hiyo moja haikukugharimu 360,000. Imekugharimu mara tatu yake, 1,080,000. Sasa tuseme umeongeza 60,000 kwa kila mtu: 30,000 posho ya anayemfundisha, na 30,000 siku moja zaidi ya msimamizi ya kukaa naye na kumsikiliza. Kila mmoja sasa ni 420,000, watatu ni 1,260,000. Wakibaki wawili badala ya mmoja, kila nafasi imekugharimu 630,000. Umetoa fedha zaidi mfukoni, na bado umeokoa 450,000 kwa kila nafasi.

Kwa hiyo namba ya kuandika ukutani ofisini si gharama ya mafunzo. Ni gharama ya mafunzo yote ya mwaka, gawanya kwa idadi ya waliofikisha siku 90. Ukikata mafunzo ili ubane matumizi, namba hiyo hupanda.

Hatua ya 4: Mkataba na siku za majaribio

Siku za majaribio ni siku za kazi, zinalipwa. Ule mtindo wa "njoo ujaribu wiki moja bure tukuone" ni dhuluma kwa kijana aliyetoka Mbagala kwa nauli ya kukopa, nami siwezi kuutetea kwa lugha yoyote.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Kanuni zake zinataka muda wa majaribio uwe wa kadiri, usizidi miezi 12. Kwa mhudumu, miezi mitatu inatosha kabisa. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Ukimwita mtu saa mbili kabla ya kufungua ili umfundishe, zihesabu saa hizo. Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya miezi 6, yanayoweza kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi yasipite 12. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya 2005, basi wa Unguja na Pemba wasichukue mkataba wa Bara wakaunakili.

Neno kuhusu glasi. Desturi ya kumkata mgeni wa kazi kila kilichovunjika imeua mafunzo mengi. Kisheria, kwa Bara, huwezi kukata tu: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Hata sheria isingekuwepo, kwangu hesabu inakataa. Anayekatwa kwa glasi hujifunza kuficha vigae chini ya pipa la taka, na siku moja mkono wa mtu wa usafi utakutana navyo. Weka fungu la kuvunjika kwa wiki mbili za mwanzo, lile la 10,000 katika mfano wetu, kisha litazame. Likivuka sana, tatizo huwa ni trei zinazoteleza au sakafu yenye mafuta, mara nyingi kuliko mkono wa mtu.

Hatua ya 5: Chagua mwalimu, na umlipe

Mhudumu hodari si lazima awe mwalimu. Kuna dada mmoja niliyefanya naye kazi aliyeweza kuhudumia meza kumi bila kuandika, na kila aliyefundishwa naye alitoka akilia, kwa sababu alifanya haraka na kusema "si umeona?" Mwalimu mzuri niliyempata alikuwa wa tatu kwa kasi. Alikuwa na subira, na alisema sababu ya kila jambo.

Mpunguzie meza kwa zile siku 4 za kwanza. Mpe posho yake kwa mafungu mawili: nusu siku ya 12, nusu siku ya 90 kama mwanafunzi wake bado yupo. Akijua kuna nusu ya pili, atamwita pembeni amuulize kama amekula, kama nauli ipo. Mambo haya hayaandikwi kwenye daftari, lakini ndiyo yanayomfanya mtu arudi kesho.

Kila mwanafunzi awe na mwalimu mmoja. Akiwa nao watatu, mmoja atamwambia sahani zitolewe kulia, mwingine kushoto, na wa tatu atamwambia yoyote.

Hatua ya 6: Panga siku 12

Aanze Jumatatu au Jumanne, saa ambayo mgahawa umetulia. Asianze Ijumaa jioni, asianze mwisho wa mwezi, asianze siku ya sikukuu. Hatua hii haina gharama hata senti.

Siku ya 1 anatembezwa, anatambulishwa kwa jina kwa kila mtu akiwemo wa vyombo na mlinzi, anakula chakula cha mgahawa akiwa amekaa kwenye meza ya mteja. Siku ya 2 anakaa jikoni tu, aone oda inavyoingia na kinachotokea mwandiko usiposomeka. Siku ya 3 na ya 4 anamfuata mwalimu kama kivuli. Siku ya 5 anapewa meza mbili, mwalimu akiwa hatua tatu nyuma yake. Siku ya 8 meza nne. Siku ya 11 anafanya zamu kamili ya mchana. Siku ya 12 unamjaribu wewe mwenyewe: unakaa kama mteja, unaagiza, unabadilisha mawazo, unauliza kama supu ina pilipili, unaomba bili.

Na kila siku, dakika kumi za mwisho, maswali matatu: leo nini kilikuwa kigumu, nini hukukielewa, kesho unataka nikuonyeshe nini. Andika majibu. Baada ya wahudumu wanne watano utaona jibu moja linajirudia. Hilo ni tatizo la mgahawa.

Hatua ya 7: Fundisha tendo moja moja

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilipolazimika kufundisha wafanyakazi wapya kwa wingi, wakufunzi wao walitumia utaratibu wa hatua nne: mtayarishe mtu, mwonyeshe, mwache afanye, mfuatilie. Unafaa kabisa mgahawani. Nitauonyesha kwa kazi ambayo wengi hudhani haihitaji kufundishwa, kumnawisha mgeni mezani kwa birika na beseni.

Kwanza unamtuliza na kumwambia kwa nini: mgeni atakula kwa mkono, na huu ndio mguso wake wa kwanza na mgahawa wetu. Kisha unafanya wewe, polepole, ukisema. Maji yawe ya vuguvugu. Mwaga matone nyuma ya kiganja chako kwanza. Birika mkono wa kulia, beseni wa kushoto, taulo safi limekunjwa juu ya kigasha. Anza na mzee aliyepo mezani: "Shikamoo mzee, karibu unawe." Beseni liwe chini ya mikono yake, lisigonge kingo za meza. Mwaga kidogo, simama apake sabuni, mwaga tena taratibu mpaka povu liishe. Usimalize maji kwa mgeni wa kwanza. Beseni chafu lisipite juu ya chakula cha mtu, wala usilirudishe kwa njia inayopita katikati ya meza, zunguka ukutani.

Sasa mpe birika. Mwache afanye kimya. Mara ya pili afanye huku akikueleza, kwa maneno yake, kwa nini taulo liko kigashani na kwa nini anazunguka ukutani. Asiyeweza kueleza sababu ataacha siku utakapogeuka. Mara ya tatu afanye kwa mgeni wa kweli. Kesho yake mtazame mara moja, keshokutwa mara moja, kisha mwachie.

Somo zima ni dakika 15. Vunja kazi zote namna hiyo, kuchukua oda, kubeba sahani, kufuta meza, na utaona wiki mbili zinatosha.

Hatua ya 8: Usalama wa chakula usisubiri

Wahudumu wa chakula hupimwa afya na kurudia kila baada ya miezi 6; weka tarehe kwenye kalenda na ulipie wewe. Kuhusu mafunzo yenyewe, huna haja ya kutunga. Shirika la Afya Duniani lina funguo tano za chakula salama: usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika mpaka viive, kuhifadhi kwenye joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Zibandike jikoni kwa Kiswahili.

Ufunguo wa nne ndio unaovunjwa sana kwetu, na unavunjwa na wali. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto na nje ya friji zaidi ya saa 2. Cha moto kiwe juu ya nyuzi 60, cha friji chini ya 5. Wali na pilau vina bakteria anayejihifadhi katika umbo gumu ambalo kuchemka hakuliui. Sufuria ikiachwa ipoe taratibu usiku kucha, anazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali asubuhi ukafuka moshi. Mpishi mpya aliyekulia kwenye kiporo cha asubuhi anaona unapoteza chakula. Mweleze sababu, naye atakuwa mkali kuliko wewe.

Hatua ya 9: Tumia msaada uliokwisha kuulipia

Mwajiri wa Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, na sehemu yake huendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. VETA ina chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha, na Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Nenda ukaonane na wakufunzi, omba wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wape nauli na chakula, wape mwalimu kama wafanyakazi wengine. Aliyekaa kwako miezi miwili akiheshimiwa huwa ameshafundishwa siku unayomwajiri, na gharama ya kumtafuta inakuwa simu moja. Anayewageuza kuwa watu wa kusugua sufuria za bure hupoteza nafasi hiyo, maana chuoni wanasimuliana.

Kenya kuna Kenya Utalii College, chuo cha utalii kilichopo Nairobi, kilichoanza 1975. Mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akifuata utaratibu wake anaweza kurudishiwa gharama za mafunzo. Muulize mhasibu wako kama mmewahi kuomba.

Hatua ya 10: Siku ya 30 na siku ya 90

Weka karatasi moja kwa kila mtu. Juu, zile gharama saba za hatua ya 2, safari hii namba halisi. Chini, tarehe nne: siku ya 1, ya 12, ya 30, ya 90. Kwenye kila tarehe andika oda zilizorudi kwa wiki hiyo, vyombo vilivyovunjika, na idadi ya meza anazohudumia.

Siku ya 30 kaa naye, si kaunta, mezani, na chai. Mwulize nini kingemfanya aondoke. Wengi hawatataja mshahara kwanza. Watataja usafiri wa usiku, zamu zinazobadilishwa bila kuambiwa, au mtu anayewafokea mbele ya wateja. Usafiri niliwahi kuumaliza kwa kupanga wanaokaa njia moja wafunge pamoja na kuchangia bajaji moja. Zamu zinamalizwa kwa karatasi ya ratiba inayobandikwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Kufoka ilibidi nikuache mimi mwenyewe.

Anayeondoka kabla ya siku ya 90, mpigie simu baada ya wiki moja. Usimbembeleze arudi, mwulize ilikuwaje, andika alichosema kwenye karatasi yake, na uisome kabla hujamwita wa kusailiwa anayefuata.